Wito kwa Walio Wengi

Kenya haina kabila lenye zaidi ya nusu ya watu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6, na Wakikuyu, wanaoongoza orodha, walikuwa milioni 8.1. Hiyo haifiki hata moja ya tano. Waluhya walikuwa milioni 6.8, Wakalenjin milioni 6.4, Waluo milioni 5, Wakamba milioni 4.7, kisha namba zinateremka hadi kwa jamii ambazo watu wao wote hawazidi elfu moja au mbili. Ukisimama mbele ya ramani ya nchi nzima, uwe nani, wewe ni miongoni mwa wachache.

Ndiyo maana sote ni mabingwa wa kulalamika. Rais akitangaza baraza la mawaziri, kabla hatujauliza nani kapewa wizara gani huwa tumeshayapanga majina kwa sikio: huyu wa Mlimani, huyu wa Bondeni, huyu wa Nyanza, huyu wa Pwani. Wetu wakikosekana tunajua la kusema, na mara nyingi tunalosema ni kweli. Upendeleo wa serikali kuu ni mkongwe. Waraka wa Bunge nambari 10 wa 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kule ambako zingezaa haraka, na barabara ya Isiolo hadi Moyale ikasubiri lami kwa zaidi ya nusu karne. Sitamlaumu mtu wa kaskazini akikumbuka hayo.

Lakini hebu iweke kando ramani ya nchi, uchukue ya kaunti yako. Hapo hesabu inageuka. Katika kaunti nyingi kati ya zote 47 kuna jamii moja inayotosha kumchagua gavana, seneta na mwakilishi wa kike bila kumwomba kura mtu wa jamii nyingine. Yule aliyekuwa mnyonge mbele ya Nairobi, hapa ndiye mwenye nyumba. Barua hii namwandikia huyo mwenye nyumba. Inawezekana ni wewe, ndugu yangu, ukiwa kwenu, na ndivyo nilivyo mimi nikiwa kwetu.

Nitalisema ninaloliomba mapema ili tusitafutane. Naomba demokrasia tunayoidai Nairobi tuianze pale ambapo sisi ndio wenye nguvu. Tumlinde jirani asiye wa kabila letu, kura yake na nafasi ya mtoto wake kazini, wakati ambapo hatumhitaji kwa lolote.

Katiba iliyozinduliwa Uhuru Park tarehe 27 Agosti 2010 ilitoa sehemu ya mamlaka na fedha za serikali kuu ikazipeleka mashinani. Angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa huenda kwa kaunti. Zahanati, shule za chekechea, masoko, barabara ndogo, maji na leseni ya kibanda chako viko mikononi mwa gavana na wawakilishi wadi. Niliunga mkono ugatuzi na bado nauunga. Mtu wa Turkana au Mandera hahitaji mimi nimweleze kilichobadilika.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo hatukulizungumza vya kutosha wakati ule wa shangwe. Jamii zilizokuwa zikinyimwa zilipewa bajeti, bodi ya ajira na bunge lao. Aliyekuwa akinyimwa akawa mgawaji, na mara nyingi mno akagawa vile vile alivyowaona waliomnyima wakigawa. Kule Marsabit mwaka 2013, Warendille, Wagabra na Waburji waliungana wakachukua ugavana, na Waborana wakabaki nje ya jiko. Mwaka 2017 upepo ukageuka. Kila upande ulikuwa na sababu zake, na kila upande ungeweza kukusomea historia ndefu ya kuonewa. Nani angekataa? Lakini raia wa Marsabit ambaye ng'ombe wake ameibwa na mwanawe hana karo hakusaidiwa na zamu hizo za kisasi.

Waandishi wa Katiba walilijua hilo. Ibara ya 174 inataja kulinda haki na masilahi ya walio wachache kuwa miongoni mwa malengo ya ugatuzi. Ibara ya 197 inataka sura za jamii zote za kaunti zionekane katika bunge lake na katika baraza la gavana. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 65, ikaweka namba kabisa: angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia kazini ziende kwa watu wasiotoka katika jamii iliyo wengi. Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ilipokagua ajira za kaunti miaka michache baadaye, ilikuta nyingi zimelipita sharti hilo kama matatu iliyojaa inavyopita kituo.

Najua utakachoniambia. Kuna kaunti ambako asiye mwenyeji ni wa kutafutwa kwa tochi, utamwajiri nani? Haya, tuziache hizo. Lakini vipi Nakuru? Vipi Uasin Gishu, Trans Nzoia, Kajiado, Mombasa, Kwale, Lamu, Tana River? Huko anayeitwa mgeni alizaliwa huko, akasoma huko, na baba yake kazikwa huko. Kwale palikuwa na Wamakonde, watu waliotoka Msumbiji tangu enzi za ukoloni kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Vizazi vyao viliishi Kenya bila kitambulisho, wasiweze kufungua akaunti ya benki wala kusajili laini ya simu kwa jina lao. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Ikulu, Nairobi, wakisindikizwa na watetezi wa haki ambao hawakuwa Wamakonde. Mwaka uliofuata walipewa vitambulisho na kutambuliwa kuwa kabila la 43. Wapemba wa Pwani nao walitambuliwa mwaka 2023. Sijasikia kwamba kuna mtu Kwale aliyepungukiwa na chochote kwa sababu Mmakonde amepata kipande.

Tuko katika mpito, na mpito wetu umekuwa mrefu. Ulianza Desemba 1991, kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kilipofutwa na chama kimoja kikakoma kuwa sheria ya nchi. Watu walikuwa wamepigwa na wengine kuuawa katika maandamano ya Saba Saba ya 1990 kwa ajili ya siku hiyo. Lakini hata kabla ya kura ya Desemba 1992 kupigwa, nyumba zilikuwa zinateketea Molo, Burnt Forest na kwingineko Bonde la Ufa, na watu wakiambiwa warudi kwao. Mwaka 1997 ikawa Likoni. Mwaka 2002 tukapumua: KANU, iliyotawala tangu uhuru, ilishindwa kwa kura na ikaondoka, na kwa muda mfupi raia walikuwa na ujasiri hata wa kumkamata polisi aliyedai kitu kidogo barabarani. (Wanaokumbuka miezi ile hutabasamu. Vijana hudhani tunatunga.) Miaka mitano baadaye, baada ya uchaguzi mwingine, tukawa tunachinjana.

Zaidi ya watu 1,100 walikufa kati ya mwisho wa Desemba 2007 na Februari 2008, na zaidi ya 600,000 wakakimbia makwao. Tumelisimulia jambo hilo mara nyingi kama hadithi ya kabila fulani kulitenda kabila fulani, na kila mmoja anayo simulizi ya kwake ambamo wake ndio waliotendwa. Nakuomba uitazame tena ramani ya vurugu zile. Eldoret waliofukuza walikuwa wa jamii moja. Naivasha walikuwa wa jamii nyingine. Kisumu, nyingine tena. Katika mitaa ya mabanda ya Nairobi mpaka ulibadilika kila baada ya vichochoro vichache. Waliofukuza walifanana kwa jambo moja tu: kila kundi lilikuwa ndilo lenye wengi pale liliposimama.

Kofi Annan alikuja, pamoja na Benjamin Mkapa na Graça Machel, wakakaa nasi wiki baada ya wiki. Jakaya Kikwete, wakati huo mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, akavuka mpaka kuja kusukuma hatua ya mwisho, na mkataba ukatiwa saini mbele ya Harambee House tarehe 28 Februari 2008. Serikali ya nusu mkate, yaani ya kugawana madaraka, ikazaliwa. Tunawashukuru majirani zetu hawa mpaka leo. Ila mkataba wa wakubwa wawili hauwezi kufika kwenye ploti ya nyumba za kupanga pale Nakuru na kumwambia mwenye nyumba asimtoe mpangaji.

Kitu kingine kilitoka katika mwaka ule, nacho kimesomwa na wachache. Tume iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini ilichunguza uchaguzi wenyewe. Ikasema mambo yaliharibika kiasi kwamba haikuwezekana kujua kwa hakika nani alishinda urais. Na iliukuta uchafu kwenye pande zote mbili, hasa katika ngome, kule ambako wakala wa mpinzani hakuwepo au hakuthubutu kufungua mdomo. Nasi tulikuwa tumeshikilia kwamba kura ziliibwa Nairobi, gizani, na watu wenye suti. Huenda. Lakini nyingine zilitumbukizwa mchana kweupe, kijijini, mbele ya watu waliocheka kwa sababu zilikuwa za mgombea wetu.

Nani basi amewahi kutenda kinyume cha hayo? Wapo, na hawakungoja Annan.

Wajir, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilikuwa inawaka. Ukame ulikuwa umeua mifugo, uchaguzi wa 1992 ukaongeza ugomvi wa viti juu ya ugomvi wa visima na malisho, na koo za Waajuran, Wadegodia na Waogaden zikageukiana. Hali ya hatari ilitangazwa. Mauaji yalifika mjini, yakaingia hadi sokoni: mwenye maziwa hakumuuzia mtu wa ukoo mwingine, na mama aliyetoka kuwatafutia watoto wake chakula aliweza kupigwa akiwa kwenye foleni. Serikali ilikuwa mbali, na ilipokaribia ilikuja na bunduki.

Inasimuliwa kwamba mazungumzo yalianzia harusini, ambako wanawake wa koo mbalimbali walijikuta chini ya paa moja. Mmoja wao alikuwa Dekha Ibrahim Abdi. Kinachonivutia ni kwamba hawakuanza na kongamano, wala hawakuandika azimio la kulaani vita. Walianza na soko. Walikubaliana kwamba mwanamke yeyote, wa ukoo wowote, atauza na kununua bila kuguswa, kisha wakaunda kamati ya kuyalinda makubaliano hayo. Asubuhi walikuwa hapo. Likitokea tukio walilitatua siku hiyo hiyo kabla halijapata waume na kaka wa kulibeba. Kila mwanamke aliwajibika kwa watu wa ukoo wake mwenyewe. Ukitaka kujua ugumu ulikuwa wapi, ni hapo. Kumkemea wa upande wa pili hakuhitaji moyo. Kumkemea dada yako, mbele ya watu, kwa ajili ya mtu ambaye ukoo wake jana ulizika wako, hiyo ni kazi nyingine.

Soko lilipotulia wakaenda kwa wazee. Wazee wa koo ndogo, ambazo hazikuwa sehemu ya vita, ndio walioombwa kusimamia mazungumzo ya koo kubwa, na mwaka 1993 lilipatikana azimio la Al-Fatah. Vijana nao walifuatwa, na wafanyabiashara, na maofisa wa serikali. Kufikia 1995 yote hayo yalikuwa yamekusanyika kuwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir. Miaka kumi na mitatu baadaye, nchi nzima ilipokuwa majivu, kamati za amani za wilaya zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyopendekezwa kwenye meza ya Annan. Dekha alipewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, na alifariki mwaka 2011 baada ya ajali ya barabarani. Watoto wa shule wangestahili kulijua jina lake kama wanavyoyajua majina ya magavana.

Wa pili ni abiria wa basi moja la Mandera. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, wapiganaji wa Al-Shabaab walilisimamisha basi wakataka Waislamu wakae upande mmoja na Wakristo upande mwingine. Mwaka mmoja kabla, katika kaunti hiyo hiyo, abiria waliotengwa hivyo waliuawa. Safari hii Waislamu, waliokuwa wengi ndani ya basi na wengi katika nchi ile yote iliyowazunguka, walikataa kutengana. Wanawake waliwapa wenzao wa Kikristo mitandio ya kujifunika. Salah Farah, mwalimu, alipigwa risasi akiwatetea, akafa mwezi uliofuata hospitalini Nairobi. Alitunukiwa nishani baada ya kufa. Mimi sikuombi ufike huko. Mambo ninayokuomba hayafiki hata robo ya hayo, na hilo linanipa haya kidogo ninapoyaomba.

Kabla sijafika huko, neno kwa vijana. Juni 2024 mlijaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, mkasema hamna kabila, hamna kiongozi, hamna chama. Makumi yenu hawakurudi nyumbani. Mswada haukutiwa saini, na baraza la mawaziri karibu lote likafutwa kazi. Kwa mtu wa umri wangu, aliyezoea maandamano ambamo kila kundi lina ngome na baba yake, ilikuwa kama kuoneshwa nchi nyingine. Ninawaheshimu. Lakini kusema sina kabila ni rahisi ukiwa Moi Avenue, umezungukwa na wanaosema hivyo hivyo. Nitawaamini kabisa siku mtakapolisema kwenye bodi ya ajira ya kaunti yenu, orodha ikiwa ukutani na jina la binamu yako likiwemo.

Na neno jingine kuhusu amani. Kila miaka mitano huja fulana nyeupe, tamasha, na wasanii wakituimbia tusipigane. Nina chuki kidogo na fulana hizo. Zinagawiwa Kibera na Kondele, hazigawiwi kwa wanaopanga matokeo; na ujumbe wake, ukiusikiliza vizuri, ni kwamba atakayeshindwa anyamaze. Amani ya namna hiyo inamtaka aliyeonewa asipige kelele. Ni rahisi zaidi kumwomba aliye na nguvu asionee, ila yeye hakuna anayempelekea fulana.

Sasa uchaguzi unakuja. Katiba imeuweka Jumanne ya pili ya Agosti, ambayo mwaka 2027 ni tarehe 10. Utakuwa uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi virudi ambao Raila Odinga hayupo. Alifariki Oktoba 2025. Ulimpenda au hukumpenda, siasa zetu zilijipanga kwa kumzunguka au kwa kumkwepa kwa zaidi ya miaka thelathini, na kura nyingi zilizopigwa katika nchi hii zilikuwa za kumpandisha yeye au kumzuia. Mpangilio huo umekwisha na mwingine haujajulikana. Wanasiasa watautafuta haraka, na sote tunajua watakakoanzia kutafuta. Watakuja kwetu kwanza, nyumbani, kwa lugha ya mama, watuambie tumezingirwa.

Kwa hiyo siku hiyo, kwenye kituo chako cha kupigia kura, mahali ambapo karibu kila mtu anampigia mgombea mmoja, mtafute wakala wa yule mwingine. Kwa kawaida ni kijana, amekaa pembeni, hajapata chai. Mpe kiti. Akianza kuzongwa na vijana wa mtaa, simama karibu naye. Wewe wanakujua, ni mama yao au mjomba wao, watakusikia kuliko polisi. Hesabu ya kura za urais hufanywa pale pale kituoni, matokeo huandikwa kwenye Fomu 34A, mawakala hutia saini, na nakala hubandikwa mlangoni. Mahakama ya Rufaa iliamua mwaka 2017, katika kesi ya Maina Kiai, kwamba matokeo yanayotangazwa huku chini hayawezi kubadilishwa Nairobi. Mwaka 2022 fomu za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa wazi kwenye tovuti, na mtu yeyote mwenye simu aliweza kuzijumlisha mwenyewe. Ni ulinzi mzuri sana, kwa sharti moja: fomu yenyewe iwe ya kweli. Na ukweli wake unategemea kama yule kijana wa pembeni alibaki mpaka mwisho na kuona kila karatasi. Kituo kikitoa kura kamili kwa kila jina lililo kwenye daftari, na marehemu wote wa kijiji wakiwemo, usishangilie. Umemwibia mtu wa mbali ambaye alisimama kwenye foleni kama wewe.

Kuna pia kura yako mwenyewe na mahali inapopigwa. Kila mwaka wa uchaguzi mabasi ya kutoka Nairobi na Mombasa hujaa wiki mbili kabla. Watu wanakwenda kupiga kura nyumbani, na wengine wanawapeleka watoto na vyombo mahali salama. Sitamcheka aliyewahi kukimbia mwaka 2008. Lakini tazama matokeo yake. Unaishi Kayole miaka yote, maji ya Kayole hayatoki, taka za Kayole hazizolewi, halafu unamchagua mwakilishi wadi wa kijiji ambacho unakiona Desemba. Kayole ulikoondoka, waliobaki wanachagua bila wewe na wanahesabu kwamba wewe ni mpita njia. Ukiandikishwa unapoishi, mgombea wa hapo analazimika kuja kukubishia hodi, na jirani anakuona kwenye foleni ile ile. Nawe mwenyeji, anapokuja huyu kuandikishwa, usimuulize jina lake la pili ni la wapi. Ibara ya 39 inampa kila raia haki ya kuingia, kuishi na kukaa popote nchini. Msaidie kujua kituo kilipo.

Halafu ajira. Hili ndilo gumu, kwa sababu linagusa sahani. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa raia yeyote haki ya kuiomba ofisi ya umma taarifa ilizo nazo, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Huhitaji wakili. Andika barua kwa Bodi ya Utumishi wa Umma ya kaunti yako, uulize: katika mwaka huu wa fedha mmejaza nafasi ngapi za ngazi ya chini, na ngapi kati yake zilikwenda kwa watu wasio wa jamii iliyo wengi, kama kifungu cha 65 kinavyotaka? Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua hiyo ikiandikwa na mtu wa jamii ndogo, watasema ni mnung'uniko. Akiandika yule ambaye jamii yake ndiyo inayonufaika, hawatajua waiweke faili gani. Ndiyo maana naomba uiandike wewe. Utaitwa msaliti kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Wanawake wa Wajir waliitwa zaidi ya hivyo. Mkiwa wawili au watatu, itieni saini pamoja, na nakala mpeni mwakilishi wadi wenu mkono kwa mkono ili asije akasema hakuiona.

Mikutano ya ushirikishaji wa umma kuhusu bajeti ya kaunti nayo iko wazi kwa wote, ingawa tangazo lake hubandikwa mahali ambapo mtu hapiti. Ukilipata, lisambaze kwa wale ambao hawamo kwenye makundi yenu ya simu: mchuuzi kutoka kaunti nyingine, wapangaji wa ploti, wafugaji walioko pembezoni. Mwite mmoja uende naye. Mkifika, akitaka kuzungumza, hakikisha anapewa kipaza sauti kabla muda haujaisha, na kama Kiswahili ndiyo lugha atakayoeleweka nayo, basi mkutano uendeshwe kwa Kiswahili.

Na tukirudi kwenye kuandikishwa unapoishi: uhamisho wa kituo cha kupigia kura unaombwa katika ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya eneo bunge unalotaka kuhamia. Unakwenda mwenyewe, na kitambulisho chako. Uandikishaji hufungwa kabla ya uchaguzi, kwa hiyo usingoje kampeni zichangamke. Kama una jirani ambaye amekuwa akiahirisha jambo hili kwa kuogopa kwamba mtaa huu si wake, pitia kwake mwende pamoja.